Kupanda na Kutunza Sedamu Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Sedamu nyingi zinazokufa katika bustani za kwetu hufa kati ya Aprili na Juni, ardhi ikiwa imeloa na mwenye bustani akiwa bado anazimwagilia. Ni nadra zife Januari, wakati nyasi za uani zimekauka na vumbi la Nakuru limetanda juu ya kila jani. Nimepanda mimea hii Nakuru kwa miaka mingi na kuwagawia ndugu zangu wa Kisumu na Kakamega vipandikizi, na karibu kila mara nilipopoteza mmea niliukuta umeoza pale shina linapogusana na udongo. Kwa hiyo katika maelezo haya nitakaa zaidi kwenye udongo na maji, kwa kuwa hapo ndipo sedamu hupona au hupotea, na mengine nitayapitia kwa kadiri yanavyostahili.

Sedamu ni mimea ya majani manene iliyo katika familia ya Crassulaceae, pamoja na kalanchoe na echeveria, ambazo mara nyingi huuzwa kando yake vitaluni. Majani yake ni ghala la maji. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta kabonidioksidi, na maji hutoroka kupitia vitundu hivyo hivyo. Sedamu nyingi, hasa ukame unapozibana, huvifungua usiku kukiwa na baridi na kuvifunga jua linapopanda. Mmea wenye maumbile ya namna hiyo hunywa polepole. Mizizi yake huwa mifupi na myembamba, nayo inahitaji hewa katikati ya chembe za udongo kuliko inavyohitaji maji ya kila siku.

Kabla ya kununua, fikiria mmea umetoka wapi, kwa sababu si kila sedamu inayosifiwa katika picha za bustani za Ulaya itakufaa. Zile ndefu zenye vichala vikubwa vya maua ya waridi, ambazo asili yake ni China na Korea, zimezoea kufa majani wakati wa baridi kali, kisha kuchipua upya na kuchanua baada ya siku ndefu za kiangazi. Kwetu ikweta inapita Maseno, karibu na Kisumu, na mchana wetu una takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mmea wa aina hiyo hukosa ishara unazozisubiri na mara nyingi hubaki na majani tu, bila maua. Zinazostawi kwetu ni zile zilizotoka Mexico, nchi yenye milima na nyanda za juu zenye jua kali la mchana na usiku wa ubaridi, kama ilivyo Nakuru iliyoinuka mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari.

Katika hizo za Mexico, ya kuanzia nayo ni Sedum rubrotinctum, yenye majani madogo ya mviringo mithili ya maharagwe, ambayo hugeuka mekundu kwenye ncha ikipata jua la kutosha. Sedum adolphi ina majani mapana kidogo yenye rangi ya dhahabu, na hustahimili makosa mengi ya mkulima mgeni. Kwa kufunika ardhi, kwa mfano kandokando ya njia ya kuingilia nyumbani, hakuna iliyonipendeza kama Sedum mexicanum, ambayo hutambaa upesi, huwa na majani membamba ya kijani kibichi, na huvumilia joto na unyevu kuliko wenzake. Ndiyo ninayowapelekea watu wa Kisumu. Sedum morganianum, ile inayoning'inia kama mkia mrefu, hupandwa kwenye chungu cha kutundika, lakini majani yake hudondoka kwa kuguswa tu, hivyo isitundikwe karibu na mlango ambapo watu wanapita na mizigo au watoto wanacheza.

Unapochagua mmea kitaluni, usitazame maua. Bonyeza shina taratibu karibu na udongo; likiwa gumu, mmea ni mzima, na likibonyea au likiwa na rangi nyeusi, uache hata ukiuzwa kwa bei ya chini. Chunguza pia katikati ya majani kama kuna vitu vyeupe kama pamba, kwa sababu hao ni wadudu na utawapeleka nyumbani kwa mimea yako yote. Tena, wauzaji wengi wa kando ya barabara huita kila mmea wenye majani manene kwa jina moja, nao wakati mwingine huchanganya humo mimea ya jamii ya mnyaa, ule unaopandwa kuwa ua wa boma. Njia rahisi ya kuitofautisha mimea hiyo na sedamu ni kukata jani moja dogo au kipande cha tawi: utomvu wa sedamu ni maji matupu yasiyo na rangi, ilhali wa mnyaa na ndugu zake ni mweupe kama maziwa, nao huwasha ngozi na ni hatari sana ukiingia machoni.

Sasa tuje kwenye udongo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 mahali unapotaka kupanda, ulijaze maji, uyaache yazame yote, kisha ulijaze mara ya pili na kutazama saa. Maji yakiisha ndani ya saa moja au mbili, mahali hapo panafaa kwa marekebisho madogo tu. Yakikaa hadi jioni, usipande chini kabisa, inua tuta. Sehemu nyingi za Nakuru zimebahatika, kwa kuwa udongo wake umetokana na majivu ya volkano na ni mwepesi, ingawa huwa vumbi tupu wakati wa kiangazi na huhitaji mboji kidogo ili ushikane. Kisumu hali ni nyingine kabisa. Upande wa Uwanda wa Kano udongo ni mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka nyufa kubwa ukikauka na kunata kwenye viatu ukiloa, na sedamu iliyopandwa humo moja kwa moja haivuki msimu mmoja wa mvua. Kakamega nako, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, udongo mwekundu unaweza kuonekana mzuri lakini hukaa na maji kwa muda mrefu.

Tuta la sedamu liinuke sentimita 20 kwa Nakuru na si chini ya 30 kwa Kisumu na magharibi, likiwa limezungushiwa mawe au matofali yaliyopangwa bila saruji ili maji yapite katikati yake. Mchanganyiko ninaoutumia ni nusu udongo wa juu wa shambani, robo mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, na robo vipande vya mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu ambayo ukiyatia kwenye ndoo ya maji huelea. Sisi tulio karibu na Menengai huyapata bila taabu. Ndugu yangu wa Kakamega, ambaye hana mawe hayo, hutumia matofali yaliyovunjika, kwa kuwa huko kwao watu huchoma matofali wenyewe na vipande vya kutupwa havikosekani kando ya kila tanuri. Huvitwanga hadi viwe na ukubwa wa punje za mahindi, hupepeta na kuondoa vumbi, kisha huchanganya kwa kipimo kile kile. Mimea yake haina upungufu wowote ikilinganishwa na yangu, na ninaamini kwamba mtu yeyote wa magharibi mwa Kenya hana haja ya kununua kokoto za mapambo.

Kuhusu mchanga, mambo mawili yafaa kuangaliwa. Kwanza, mchanga laini wa kupiga lipu haufai, kwa sababu chembe zake huziba nafasi za hewa badala ya kuzifungua. Pili, vumbi la machimbo ya mawe, ambalo huuzwa kwa bei nafuu kwa wajenzi, hushikana likiloa na kukauka mara kadhaa, na mizizi hushindwa kupenya. Ili kujua kama mchanga ni safi, tia gao moja kwenye chupa ya maji, uitikise, uiache itulie. Maji yakibaki na tope jingi juu, uoshe mchanga huo kwenye karai mara mbili au tatu kabla ya kuutumia.

Kwa wale wanaopanda kwenye vyungu, mikebe au sufuria kuukuu, mchanganyiko uwe mwepesi zaidi: sehemu moja ya udongo, moja ya mchanga na moja ya vipande vya mawe mepesi au matofali. Toboa matundu matatu au manne chini, kila moja likiwa na upana wa kidole kidogo. Wengi hufundishwa kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu ili maji yashuke, nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Ukweli ni kwamba maji husita pale udongo laini unapokutana na kokoto, hukusanyika juu yake, na kuisogeza sehemu yenye unyevu karibu zaidi na mizizi. Weka kipande kimoja cha chungu kilichovunjika au wavu juu ya tundu ili udongo usitoke, halafu jaza mchanganyiko ule ule kuanzia chini hadi juu.

Samadi mbichi isikaribie mimea hii. Mboji iliyooza vizuri, ikipepetwa na kunyunyizwa tabaka jembamba mara moja kwa mwaka kabla ya masika, inatosha kwa mimea iliyo kwenye tuta, na iliyo kwenye vyungu ipewe kiasi kidogo zaidi. Mmea ulioshiba mbolea hurefuka upesi, shina huwa laini, na huanguka wenyewe kwa uzito wa majani.

Mahali pa kupanda papate jua la saa sita au zaidi kwa siku. Nakuru sedamu huweza kukaa juani tangu asubuhi hadi jioni, ila mmea uliotoka kwenye kivuli cha kitalu usiutoe ghafla. Uuzoeshe kwa wiki mbili, kwanza jua la asubuhi tu, kisha uongeze saa kidogo kidogo, la sivyo majani yataungua na kupata madoa ya kahawia ambayo hayatoki. Kisumu, hasa kwenye ua uliozungushiwa mabati au ukuta mweupe, joto la alasiri hurudi kutoka pande zote, na huko ni vyema kuchagua upande unaopata jua la asubuhi na kivuli chepesi baada ya saa nane. Popote ulipo, usipande chini ya ukingo wa paa lisilo na mfereji. Maji yanayotiririka kutoka kwenye mabati huchimba udongo, huacha mizizi wazi na kujaza matope katikati ya majani, na mvua moja ya alasiri ya Kisumu inatosha kuharibu kazi ya miezi.

Wakati mzuri wa kupanda ni mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, wiki nne hadi sita kabla ya masika. Jambo hili huwashangaza watu waliozoea kupanda mahindi, kwa kuwa mazao ya shamba husubiri mvua. Sedamu iliyopandwa kipindi hicho hupata muda wa kushika mizizi wakati wewe ndiye unayepima maji, na mvua ya Machi inapoanza mmea huwa tayari una njia ya kuyatumia. Iliyopandwa katikati ya mvua huketi kwenye unyevu ikiwa na mizizi iliyojeruhiwa, na kuvu huingilia humo.

Utoe mmea kwenye mfuko wake wa plastiki, upangusie mbali nusu ya udongo wa kitalu, ambao mara nyingi huwa mzito na uliojaa samadi, na ukate mizizi yoyote iliyo nyeusi au laini. Uuache kivulini kwa siku moja au mbili ili majeraha yakauke. Kisha uupande kwa kina kile kile ulichokuwa nacho, shina lisifukiwe, ukiacha sentimita 15 hadi 20 kati ya mmea na mmea kwa zile zinazotambaa, na 30 au zaidi kwa zinazosimama. Tandaza kokoto ndogo au vipande vya matofali chini ya majani ili yasilale kwenye udongo uliolowa. Matandazo ya nyasi au mabua, ambayo ni mazuri kwa sukuma wiki, huku huleta unyevu na koa. Usimwagilie maji siku ya kupanda. Subiri siku nne hadi saba, halafu umwagilie mara ya kwanza, kidogo.

Baada ya hapo, kabla ya kumwagilia, tia kidole kwenye udongo hadi kina cha sentimita tano, na kama kuna ubichi wowote, rudi baada ya siku tatu. Nakuru wakati wa kiangazi, mimea iliyo ardhini na iliyokwisha kushika mizizi hunihitaji mara moja katika siku 10 hadi 14, na ya kwenye vyungu mara moja kwa wiki hivi. Kisumu joto hukausha vyungu upesi mchana, lakini hewa ya ziwani ina unyevu, kwa hiyo usiongeze maji kwa sababu tu wewe mwenyewe unaona joto. Umwagilie asubuhi, kwenye udongo, bila kulowesha majani, na uendelee hadi maji yatoke chini ya chungu; kisha usiguse tena hadi udongo ukauke. Kumwaga kidogo kila siku ndiyo desturi inayoua sedamu nyingi kuliko zote, nayo hufanywa na watu wanaoipenda mimea yao kweli. Masika yakianza kwa nguvu, acha kumwagilia kabisa na usogeze vyungu chini ya baraza, mahali penye mwanga.

Majani yenyewe husema. Yakisinyaa na kupata mikunjo huku yakiwa bado yameshikilia shina, mmea una kiu, na ukipata maji utajaa tena baada ya siku mbili. Yakigeuka manjano, yakapitisha mwanga kama karatasi yenye mafuta na kudondoka yakiguswa, maji yamezidi. Mashina yakirefuka huku majani yakiachana mbalimbali, mmea unatafuta jua, na hapo usiongeze maji wala mbolea bali uusogeze.

Ukigundua uozo, usisubiri. Chukua kisu kikali, ukipanguse kwa spiriti, na ukate shina juu ya sehemu iliyoharibika, ukiendelea kupanda juu hadi uone nyama ya ndani ikiwa safi bila alama ya kahawia. Sehemu ya chini itupwe mbali na bustani. Sehemu ya juu ni kipandikizi, na hapa ndipo penye furaha ya mmea huu, kwa sababu karibu kila kipande kilicho kizima hukubali kuanza upya. Kata kipande cha sentimita tano hadi kumi, ondoa majani ya chini, kiache kivulini kwa siku mbili hadi nne hadi kidonda kikauke na kufunga, halafu ukichomeke kwenye mchanganyiko mkavu wa chungu. Lowesha kidogo baada ya wiki moja. Mizizi hutokea kati ya wiki mbili na nne, nawe utaijua kwa kuvuta kipande taratibu na kuona kinakataa. Majani yanayodondoka ya Sedum rubrotinctum yasifagiliwe: yapange juu ya mchanga bila kuyafukia, kivulini, na baada ya wiki chache utaona nyuzi za waridi zikitafuta ardhi, kisha kimea kidogo kama punje. Miche ya majani huenda polepole, miezi kadhaa kabla ya kufaa kuhamishwa, lakini mtoto akipewa aitunze hujifunza mengi kwa kuitazama.

Kwa upande wa wadudu, wale weupe kama pamba ndio wasumbufu zaidi, wakifuatiwa na vidukari wanaokusanyika kwenye vikonyo vya maua. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, wafuate, kwa maana hulinda wadudu hao ili wale umajimaji mtamu wanaoutoa. Wachache waondoe kwa pamba iliyochovywa spiriti. Wakiwa wengi, nyunyizia lita moja ya maji yaliyotiwa kijiko kidogo cha sabuni ya maji, jioni, baada ya kujaribu kwenye majani machache, kwa sababu baadhi ya sedamu zina unga mweupe wa kujikinga na jua ambao sabuni huuondoa. Koa na konokono wa Kakamega huwindwa usiku kwa tochi na kuokotwa kwa mkono. Kuku nao hufukua tuta jipya kwa dakika chache. Matawi yenye miiba yakilazwa juu ya tuta kwa miezi miwili ya kwanza huwazuia vizuri.

Mvua ya mawe, inayotupata Nakuru na wenzetu wa Nandi na Kisii, huvunja majani mengi kwa muda mfupi. Baada yake okota vipande vyote vilivyolala juu ya mimea kabla havijaoza, pangusa matope, acha majeraha yakauke bila kumwagilia, na vilivyo vizima uvitumie kama vipandikizi. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, zile zinazotambaa hubaki na upara katikati. Zing'oe Januari, chagua ncha zenye nguvu, na upande upya kwenye udongo uliochanganywa tena. Zitakazobaki zifunge kwenye gazeti, wala si kwenye mfuko wa plastiki, na umpe anayesafiri kwa matatu kwenda Kisumu au Kakamega. Zitakaa wiki nzima ndani ya gazeti hilo bila kudhurika, na atakayezipokea hatahitaji kuzianika tena kabla ya kuzipanda.